Slaidi si ya kutazamwa kwenye simu

Wiki iliyopita kijana mmoja alinionyesha slaidi zake za kwanza, kwenye simu. Slaidi ninayosema ni kipande cha filamu chenye picha ya rangi zake halisi, cha kumulikwa kwa projekta. Alipiga Ektachrome nzima, filamu ya slaidi ya Kodak, picha 36, akaisafisha mwenyewe bafuni, akaiskani na kuiweka mtandaoni. Filamu yenyewe je? "Ipo kwenye bahasha, kaka." Iliniuma. Kama safari inaishia kwenye simu, piga negativu, ile filamu ya kawaida yenye rangi zilizogeuzwa, bei yake ni nafuu na inasamehe makosa. Slaidi imetengenezwa ipitishwe mwanga, imulikwe ukutani, watu wakae chini watazame.

Na haina huruma. Ukizidisha mwanga hata kidogo, yaliyopotea hayarudi. Mimi nilianza kwa kupima kivuli, nilivyozoea kwenye negativu. Maulidi, saa saba mchana, wazee wamevaa kanzu nyeupe: kwenye filamu kanzu zile ziligeuka plastiki tupu, hakuna mkunjo wala mfuko. Siku hizi napima weupe kwanza. Kivuli kikizama, kizame. Na saa saba mchana kamera inakaa kabatini.

Kusafisha ndiko watu wanakoogopa bure. Msisikilize wanaolilia Kodachrome, filamu ya slaidi ya zamani ya Kodak. Ile iliacha kutengenezwa 2009, na hata enzi zake ilitaka mitambo ya maabara. Ektachrome, iliyorudi sokoni 2018, inasafishwa kwa E-6, yaani utaratibu wa dawa za kusafishia slaidi, na E-6 inaingia bafuni. Seti ninayotumia ina dawa tatu: ya kwanza, ya rangi, na ya kuondoa madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu. Joto ni digrii 38. Wenzetu wa Ulaya wakati wa baridi wanahangaika na mabirika. Huku pwani maji ya bomba yameshafika nusu ya safari. Beseni, birika moja, basi.

Lakini kipimajoto usinunue cha bei ya chai. Changu cha kwanza kilidanganya kwa digrii mbili. Nikidhani niko 38, kumbe 36, na dawa ya kwanza haitaki mchezo, maana ndiyo inayoamua picha itoke angavu au ya giza. Filamu nzima ikatoka kama nimepiga wakati wa magharibi. Hizo dawa nyingine zinavumilia zaidi. Ya kwanza ilinde kama maziwa jikoni.

Kuna na hili ambalo hakuna aliyeniambia. Ukitoa filamu kwenye rili, kile kigurudumu inachozungushiwa wakati wa kusafisha, ikiwa mbichi, inaonekana ina ukungu, rangi zimepauka. Mara ya kwanza nilikaa juu ya ndoo nikihesabu hela zangu. Jamani, subirini ikauke. Ukungu unaondoka wenyewe, na ile bluu ya bahari inakuja taratibu mpaka unacheka peke yako. (Dirisha liwe wazi na glavu ziwe mkononi. Na adui wa baadaye ni kuvu: unyevunyevu wa pwani unakula slaidi na lenzi pia.)

Projekta ni za mitumba. Kodak waliacha kutengeneza Carousel, projekta yao ya sinia la duara, 2004, lakini zipo, na sinia lake la kawaida linabeba slaidi 80. Slaidi inaingia kichwa chini. Usiku wa kwanza nilisahau, familia nzima ikapinda shingo. Ukutani paka rangi nyeupe isiyong'aa. Shuka linatikisika feni ikipita, na bila feni wageni wanaondoka. Taa ikipata moto utaona picha inajikunja ghafla na kupoteza ukali. Usishtuke, ni filamu imejaa joto, rekebisha lenzi uendelee. Umeme ukikatika, ndiyo imekwisha hiyo, kunyweni kahawa.

Mwezi uliopita nilimulika picha za bandarini. Kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36 kilijaza ukuta mzima wa sebule, kamba za majahazi zikahesabika moja moja. Mama akainuka kitini, akaenda mpaka ukutani kusoma jina lililoandikwa ubavuni mwa jahazi, kivuli chake kikafunika nusu ya bandari. Watoto wakapiga kelele, "Bibi, unatuziba!" Akalisoma kwanza, kwa sauti, ndipo akarudi kukaa.