Sarafu moja, sawa. Usukani nani atashika?

Karibu na Aachen, Ujerumani, ninakoishi, kuna kilima ambapo mipaka ya Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi inakutana. Unazunguka nchi tatu kwa dakika moja na noti mfukoni ni ile ile. Hata kazini, kwenye usafirishaji wa mizigo, mteja wa Ureno na wa Finland wote wanalipa kwa yuro, na hakuna anayeamka usiku kuangalia kiwango cha kubadilisha fedha.

Halafu naikumbuka Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Shilingi huku, shilingi kule, na katikati wabadilisha fedha na vibunda vyao. Unakatwa ukienda, unakatwa ukirudi. Mzigo ukiwa mkubwa, bei inatajwa kwa dola. Yaani sarafu ya pamoja tunayo, ila ni ya Marekani.

Wazee wetu walitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki hadi Kenya, Uganda na Tanzania zilipotoa za kwao mwaka 1966. Itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kurudi huko ilisainiwa Kampala Novemba 2013, lengo likiwa 2024. Sasa tunaambiwa 2031.

Mtanikasirikia, lakini mimi kuchelewa huko hakuniumizi. Mwaka 2015 benki za Ugiriki zilifungwa wiki tatu, na mtu akaruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku. Nchi yenye sarafu yake ikibanwa huiacha ishuke thamani, bidhaa zake zikawa nafuu kwa wageni. Ugiriki ilikatwa mkono huo. Riba ilipangwa Frankfurt, kwenye Benki Kuu ya Ulaya, kwa hiyo Athens ilibaki na mishahara na pensheni za kupunguza.

Na kanuni za yuro? Nakisi ya bajeti, yaani matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake, isizidi 3% ya pato la taifa. Ujerumani na Ufaransa zilizidisha mwaka 2003, wala hazikupigwa faini. Itifaki yetu nayo imeweka 3%. Mkubwa wa Jumuiya akivuka mstari, nani atamgusa?

Kwangu mimi, malipo kwanza, noti baadaye. Mfumo unaounganisha benki kuu zetu kwa shilingi zetu wenyewe upo miaka zaidi ya kumi. Mfanyabiashara mdogo hata jina lake halijui. Binamu yangu aliagiza vipuri Nairobi majuzi. Alinunua dola, akazituma, muuzaji akazigeuza tena shilingi. Lori lilivuka Namanga kwa siku moja. Hela ilichukua nne.