Pepo la Stoo Lililokuwa Linaitikia

Jamani mimi ni mwoga, naanza na hilo kabisa ili ukifika mbele usishangae. Mtu mzima, ndevu ninazo, lakini nalala taa inawaka, na nikiulizwa nasema nilipitiwa na usingizi nikisoma Neno.

Sa siku moja kwenye mkesha wakanipa nihubiri, na somo wakanichagulia wenyewe: Usiogope. Mungu naye ana vituko. Nikamchukua Gideoni, yule wa kwenye Biblia aliyeongoza Waisraeli vitani, nikamshughulikia vizuri tu, nikawapigia zile hesabu za Waamuzi sura ya 7, kwamba watu walikuwa 32,000, wakaambiwa anayeogopa arudi kwao, wakageuza 22,000, yaani waoga walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliobaki, halafu wale 10,000 nao wakachujwa kwenye maji wakabaki 300. Nikanguruma, "Wewe ungekuwa kundi gani?!" Watu kimya. Moyoni najua kabisa mimi ningekuwa nimeshafika nyumbani kabla tangazo halijaisha.

Mstari wa 10 niliuruka makusudi, pale Mungu anapomwambia Gideoni kama unaogopa kushuka kambini kwa adui basi shuka na Pura mtumishi wako. Niliona utanipunguzia moto.

Nikakaa, kwaya ikapanda, kiongozi wa ibada akanong'ona kwamba vikapu vya sadaka vimebaki stoo, nani akavilete. Stoo iko nyuma ya madhabahu na balbu yake iliungua siku nyingi. Vijana wakatazamana. Mimi kwa joto la mahubiri nikainuka, kifua mbele. Simu nimeiacha mimbarini ina notsi zangu, na ile maiki ya kubana kwenye kola sijaizima, na fundi mitambo naye saa nane ile ya usiku alikuwa kwenye ulimwengu mwingine.

Nimepiga hatua tatu ndani, mlango ukajifunga paaa. Giza, we acha tu. Nikarudi kinyumenyume, mguu ukakanyaga kitu kinachobonyea, na pale pale pembeni yangu sauti nzito ikasema: mmmmmmh.

"Nani?"

Kimya. Nikahamisha mguu. Mmmmmmh.

Ile 2 Timotheo 1:7 ya kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, niliyotoka kuwakaririsha watu muda si mrefu, ikayeyuka yote. Nikaikamata Zaburi ya 23 maana hiyo naijua tangu shule ya Jumapili. Bwana ndiye mchungaji wangu, majani mabichi, maji ya utulivu, nikateremka vizuri, ila nilipokaribia bonde la uvuli wa mauti nikaona hapana bana, hapa siyo mahali pa kuanza kutaja mauti, nikaruka moja kwa moja mpaka "Waandaa meza mbele yangu."

Kupitia ukutani ikaja sauti ya mzee: "Rudi mstari wa nne!"

Hapo ndo nikapagawa. Pepo linalojua Biblia mpaka namba za mistari! Nikaanza kutubu bila kuombwa. Bwana, ule mfungo wa siku tatu nilikula siku ya pili. Bwana, zaka ya mwezi uliopita nilisema nimesahau, sikusahau. Taa naiacha inawaka kwa woga, sisomi Neno lolote. Na Bwana, wale 22,000, mimi ndo ningekuwa nimetangulia mbele nawaonyesha njia. Kwa mbali nikasikia amina ya watu wengi, nikajua basi, nimeshakufa na malaika wamepokea.

Nikauvamia mlango kwa bega. Nasukuma, nasukuma, nalia. Kumbe kwaya ilishamaliza zamani na kanisa zima linanisikiliza kwenye spika.

"Mwanangu," sauti ikasema nje, "vuta. Usisukume. Vuta."

Nikavuta. Ukafunguka kirahisi mpaka aibu. Ni mama mwenyekiti wa akina mama, ana tochi ya simu, akamulika ndani: kinanda cha zamani, kile cha kukanyaga pedali ndo kijae upepo, kibao kimoja kimenasa, ukigusa pedali tu kinalia.

"Pepo lako hilo hapo," akasema. Akanitazama kolani. "Na maiki inawaka."

Nikatafuta dirisha la kutokea. Stoo haina dirisha.

Mama wala hakucheka, angalau siyo kwa sauti. Akanishika mkono, "Twende tukachukue vikapu. Ule mstari wa 10 uliouruka tumeuona, mimi ndo Pura." Tukaingia, yeye mbele, anaongea kama yuko sebuleni kwake, kwamba hata Daudi aliposhikwa na Wafilisti kule Gathi hakusema haogopi, alisema "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," kwa hiyo hofu alikuwa nayo kama wewe mwanangu. Na kweli moyo ukatulia, unajua ile raha ya kutembea nyuma ya mtu asiyeogopa kitu.

Akainama, akanipa vikapu, akaegemea ukuta. Joho la kwaya likachomoka msumarini likamfunika kichwa kizima.

"YESUUU!"

Pura huyo akatoka na joho lake na tochi yake, mlango paaa.

Nikabaki na vikapu gizani. Magoti yanagongana vile vile, nisidanganye. Ila nikajua maiki bado inawaka na kuna mzee huko nje ananidai mstari, nikavuta pumzi, "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami," sauti inatetemeka kama ya mbuzi, nikapapasa kuelekea mlangoni, mguu ukatua juu ya pedali.

Mmmmmmmh.

Na ukumbi mzima ukajibu, "Amina!"