Wimbo Wangu wa Kwanza na wa Mwisho

Saa kumi alfajiri nilizinduka usingizini nikiwa na wimbo kichwani. Haukuwa wa Beatles, haukuwa wa Stones, haukuwa wa Creedence. Niliugeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta jina la mwenyewe chini ya sufuria la kuazima, nikakuta hakuna jina. Basi ni wangu.

Kwa mgonjwa wa roki ya zamani kama mimi, hiyo ndiyo saa tunayoisubiri maisha yote. Napiga gitaa miaka ishirini sasa. Masikio nimeyachosha kwa spika, hata nyumbani wanajua kwamba sauti nyembamba nyembamba zinanipita. Lakini kutunga? Nina daftari lenye beti za kwanza kumi na nne. Ubeti wa pili hata mmoja hamna. Ubeti wa kwanza huja wenyewe kama mgeni. Ubeti wa pili inabidi uufuate kwao, na mimi nimekuwa mvivu wa safari.

Nilijua la kufanya, maana hadithi hizi nimezihifadhi kuliko namba yangu ya simu. Keith Richards, mpiga gitaa wa Stones, mwaka 1965 aliamka usiku akanasa rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, kwenye kinasa sauti cha kaseti, akalala tena. Asubuhi akakuta kaseti imefika mwisho: gitaa muda mfupi, sehemu kubwa iliyobaki ni mtu anakoroma. Rifu hilo likazaa "Satisfaction". Nami nikaichomoa simu chini ya mto, nikabonyeza, nikavumisha wimbo kwa sauti ya mbu ili mke wangu asiamke. Nikairudisha simu mahali pake. Kuizima sikukumbuka.

Asubuhi nilikuta rekodi ya saa moja na dakika kumi na mbili. Sekunde kumi na tisa za mwanzo ni mimi navuma. Kisha ni mimi nakoroma. Nilisikiliza dakika mbili za kukoroma kwa heshima ya Keith, nikaona inatosha, nikaihifadhi kwa jina "Kazi Mpya".

Hofu ikaja baadaye, nikipiga mswaki. Je, kama ni wa mtu? Paul McCartney wa Beatles naye aliota sauti ya "Yesterday", akaogopa kwamba ameiokota mahali. Akazunguka wiki kadhaa akiwauliza watu kama wanaujua wimbo huo, na kwa kuwa maneno hakuwa nayo, aliuimbia maneno ya mayai ya kuvuruga. Hakuna aliyeujua, akatulia, ukatoka mwaka huohuo wa 1965. Kwa hiyo nami nikazunguka. Nilimvumishia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mpiga besi anayejua kila kitu na asichokijua huniambia pia. Akafumba macho. "Kama naujua," akasema. "Hapana. Siujui." Nikawauliza watu wanne kazini, mmoja akasema unafanana na kitu kizuri. Nikampigia simu mama. Mama akaniambia nilale mapema.

Watu niliowaruka ni wa nyumbani kwangu tu. Wao nilitaka kuwashtukiza, kwa sababu siku ya kuzaliwa ya mke wangu ilikuwa imebaki wiki tatu na nilikuwa nimeshaamua kwamba wimbo huu ni wake.

Nikaingia kazini. Sauti yenyewe ilikuwa na mwendo wa kurukaruka, mchangamfu, karibu wa kitoto, na ilikaa vizuri kwenye kodi mbili: ya kwanza na ya tano (kodi za gitaa, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za serikali). Hilo lilinifurahisha. Nusu ya nyimbo ninazozipenda hazina zaidi ya kodi tatu, na nimeshaona watu wakirundika kodi tisa kwenye wimbo usiokuwa na jambo la kusema. Nikaupunguza kasi hadi nusu, nikaupaka ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, ukageuka kilio. Ukisikia, unasema huyu mtu ameumizwa.

Maneno yalikuja yenyewe. Hili ndilo lililonishangaza zaidi, mimi mwenye daftari la beti za kwanza. Nilikaa na kalamu nikawa kama naandikiwa:

Umenizungusha, ukanikamua,
Mlango mefunga, nani 'tafungua?
Nimelowa chozi, ndani naugua,
Nitoe mpenzi, nikaote jua.

Isome tena. Mizani sita kwa sita, vina vimekaa sawa. Niliamini ni mapenzi. Niliamini nimechimba mahali kirefu ndani ya roho yangu. Shemeji alisoma, akaniuliza, "Amekuzungusha wapi?" Nikamwambia mashairi hayaulizwi hivyo.

Tuligombana juu ya urefu. Mimi nilitaka dakika nane, kama "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin ya mwaka 1971, ambapo ngoma zenyewe haziingii mpaka dakika ya nne imepita. Shemeji akasema yeye hasimami na besi dakika nne akisubiri kama mtu wa foleni. Nikamwambia basi tuondoe kiitikio. "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 ina karibu dakika sita na kiitikio haina, na aliyeitunga, Freddie Mercury, ni mtoto aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Shemeji akaniangalia kwa huruma. "Freddie alikuwa na ile sauti," akasema. "Wewe una nini?"

Tukaweka kiitikio. Na kiitikio ndicho kilichoniua.

Siku ikafika. Sebuleni kulikuwa na watu kama kumi na watano, ndugu na marafiki. Nikasimama na gitaa, nikasafisha koo, nikasema maneno ambayo ningelipa leo kuyafuta: "Mke wangu, wimbo huu umetoka mahali ambapo ni wewe tu unapagusa." Akatabasamu. Dada zake wakapiga vigelegele.

Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Nilifumba macho kama wanavyofanya. Kwenye kiitikio, kwa kuwa shemeji alikuwa amenishauri tukichangamshe, tuliurudisha wimbo kwenye kasi yake ya awali, ile ya ndotoni, na nikaacha maneno, nikaupiga kwa gitaa peke yake, nota moja moja, juu kabisa ya shingo ya gitaa, kwenye sauti nyembamba.

Nilipofumbua macho, mtoto wetu wa mwisho, wa miaka mitano, alikuwa amesimama. Nikajua anataka kucheza. Hakucheza. Alitoka mbio kuelekea nyuma, kama mtu aliyeitwa. Akarudi akiburura kapu kubwa la nguo, tupu, kubwa kuliko yeye, akipita katikati ya magoti ya wageni, akaliweka miguuni pa mama yake.

"Mama," akasema, "mashine imezimwa lakini inaimba."

Shemeji alikuwa wa kwanza kuacha kupiga. Besi ikafa katikati ya nota. Binti yetu mkubwa akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikaendelea vipimo viwili vizima, peke yangu, kwa sababu vidole havikuwa vimepata habari.

Mke wangu hakusema kitu. Aliinuka, akaenda nyuma, akabonyeza kitufe. Kutoka huko ikaja sauti ndogo, safi, yenye furaha, ile ambayo mashine yetu ya kufulia huipiga kila inapomaliza kazi. Kiitikio changu. Chote. Nilikuwa nimekishusha nusu sauti tu.

Na maneno, jamani. Umenizungusha, ukanikamua. Wageni walianza kuyarudia mmoja mmoja, kila mtu akifika kwenye mstari wake na kuanguka. "Mlango mefunga!" shangazi mmoja alilia kwenye kochi. "Nikaote jua!"

Shemeji, mwenye simu mkononi saa zote, akapekua. Akatangaza kwamba mashine nayo si mtunzi. Wimbo ni wa Franz Schubert, unaitwa "Die Forelle", wa mwaka 1817, na unahusu samaki mtoni: mvuvi anamshindwa kwa kuwa maji ni maangavu, mpaka anapoyachafua ndipo anamnasa. Mtunzi alifariki mwaka 1828. "Hatakushtaki," shemeji akanifariji.

Hapo nikaona mwanya wa heshima. Nikasema, basi jamani, kumbe nimeongozwa na Schubert.

"Schubert hukumsikia," mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Ulisikia mashine."

Nikakimbilia kwa George Harrison wa Beatles. Nikawaeleza wageni, gitaa bado shingoni, kwamba hata yeye alitoa "My Sweet Lord" mwaka 1970, akashtakiwa kwamba ameichukua kwenye "He's So Fine", wimbo waliouvumisha Chiffons mwaka 1963. Mahakama ya New York ikachambua nota, sol, mi, re, kama daktari anayechambua mifupa, na mwaka 1976 jaji akasema Harrison hakukusudia. Wimbo ule ulikuwa umejificha akilini mwake bila yeye kujua. "Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Hakukusudia."

"Akamwachia?"

"Hapana."

"Akalipa?"

"Baadaye iliamuliwa dola 587,000."

"Sisi dola hatutaki," akasema, na akalisogeza lile kapu kwa mguu, taratibu, mpaka likagusa kiatu changu.

Shemeji alijaribu kunisaidia. Akataja John Fogerty wa Creedence, aliyeshtakiwa kwamba wimbo wake mpya unafanana na wimbo wake wa zamani ambao haki zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Akaenda mahakamani na gitaa, akalipiga mbele ya baraza, na mwaka 1988 akashinda.

"Huyo alijiibia mwenyewe," mke wangu akamjibu kaka yake. "Wako kaiba kwa mashine yangu. Na mimi sina shida na wizi. Nina shida na jambo moja." Akanigeukia. "Mwenzangu. Miaka minne nakuambia ikiimba, ukaanike. Miaka minne unaniambia magitaa yamekumaliza masikio, sauti nyembamba huzisikii. Hii umeijuaje nota kwa nota?"

Sebule ilinyamaza vibaya. Hata shangazi wa kochi alikaa vizuri.

Mtu mwenye akili angebeba kapu. Mimi nikatoa ushahidi. Nikasema wimbo ulinijia usingizini, mtu aliyelala hasikii, na rekodi ninayo. Nikaunganisha simu na spika. "Kazi Mpya". Sekunde kumi na tisa za mbu, kisha mkoromo ukajaa nyumba. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikanyoosha mkono kuzima.

"Ngoja," shemeji akasema. Alikuwa anaangalia ile michoro ya mawimbi kwenye kioo cha simu. Mkoromo unachora vilima vidogo vinavyofanana, mfululizo, lakini karibu na dakika ya hamsini na nane palikuwa na kitu kimesimama kama mnazi. Akaweka kidole pale.

Nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu huitegesha mashine usiku ijiwashe yenyewe na kumaliza kabla hakujapambazuka. Kwenye spika, kwa mbali lakini bila shaka yoyote, mashine ikaimba Schubert mwanzo mpaka mwisho. Kitanda kikalia. Sauti ya mke wangu, nzito ya usingizi: "Mashine imemaliza. Leo zamu yako kuanika."

Mkoromo ukakatika.

Kimya. Shemeji akahesabu kwa vidole vyake hewani: moja, mbili, tatu, nne. Halafu mkoromo ukarudi. Lakini si ule. Ule wa kwanza ulikuwa wa mtu, una mashimo, una kukwama. Huu ulikuwa umepangwa, unaingia na kutoka kwa mdundo wa nne kwa nne, na mwishoni umepambwa kafilimbi kadogo ambako hakuna aliyelala duniani amewahi kukapiga.

"Huo sasa," shemeji akasema, "ndio wimbo wako mwenyewe."

Siku hizi mashine ikimaliza, watoto hupiga makofi na kupaza sauti kwamba msanii anaitwa jukwaani. Mdogo hunipokea mlangoni na kapu. Jana nilipokuwa kwenye kamba, kibanio mdomoni, alinifuata nyuma akanisikiliza nikivuma, kisha akauliza kwa upole kama na ule wimbo wa friji ikisahauliwa wazi nao ni wangu.