Gunia la Viazi Limeibwa

Juzi jioni hapa Uyole, baridi ile ya Julai ya kugombania jiko la mkaa, mpwa wangu wa kidato cha pili akanisogezea daftari. "Mjomba, hapa nimekosa nini?"

Aliandika: "A bag of potatoes was stolen." Kalamu nyekundu imekata "was", juu yake "were". Pembeni, kwa mwandiko wa kujiamini kabisa: potatoes ni wingi!

Nikasoma tena, nikidhani macho ndiyo yamezeeka.

Jamani. Nenda sokoni Mwanjelwa, mtafute kuli aliyebeba mizigo tangu alfajiri, umsikie kama atasema "gunia la viazi vimepasuka". Hasemi. Gunia limepasuka, viazi vimemwagika, hata iwe lumbesa. Mtoto anayajua haya kabla hajang'oka meno ya utoto. Kipindi cha Kiswahili tunayaita upatanisho wa kisarufi, anapata vema zote, halafu kengele inagonga, anaingia mwalimu wa Kiingereza na yote yanafutwa pamoja na ubao. Anaambiwa atazame nomino iliyo jirani na kitenzi. Jirani! "One of my brothers lives in Iringa." Kaka zangu wako wengi, ndiyo, lakini anayeishi Iringa ni mmoja. Mmoja wa kaka zangu anaishi. Ugumu uko wapi?

(Ile "s" inayotia nomino wingi kukaa kwenye kitenzi cha mtu mmoja, hapo sina utetezi. Aliyelianzisha alikuwa na roho mbaya.)

Haya, nakubali kwa shingo upande, Kiswahili hakikufikishi mwisho wa safari. Sisi tunasema "mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika". Mtihani unataka "The teacher, together with his students, has arrived". Ukianguka hapo nitakupa pole. Na jirani kweli ana kazi kwenye "Neither the teacher nor the students were late": "students" ndio walio karibu na kitenzi, basi "were". Nahisi ndiko mwalimu wetu alikoiokota kanuni yake, akaenda kuimwaga shamba zima kama mbolea ya ruzuku. "News" ni umoja, kariri tu.

Nikamweleza binti, akaelewa kwa dakika mbili.

"Sasa mjomba, mtihani wa taifa niandike ipi?"

"Was."

"Na kwa mwalimu?"

Nikainama kuchochea mkaa.