HPV isiyoondoka: kosa la mwanamke wa kijijini au la huduma?

Mazungumzo ya saratani ya mlango wa kizazi yakifika vijijini Tanga, iwe Muheza, Handeni au Kilindi, hayachukui muda kugeukia mwenendo wa mwanamke: aliolewa mdogo, amepita kwa wanaume wengi, amezaa mfululizo. Wapo wanaojibu kwamba mwenendo hauna neno, shida ni huduma: hospitali ya rufaa ya Bombo iko mjini na mgonjwa yuko Songe, huko Kilindi. Pande zote mbili zina hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake.

HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ni cha kawaida mno. Watu wengi hukipata wakati fulani baada ya kuanza kujamiiana, na kati ya maambukizi 10, takriban 9 huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka 2. Hatari iko kwa lile linalobaki, hasa la aina ya 16 au 18, ambazo zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hii. Kwa hiyo kinachomfanya mwanamke aambukizwe ni jambo moja, na kinachokifanya kirusi kikae ni jingine.

Kwenye kuambukizwa, hoja ya mwenendo ina nguvu, na siipuuzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, lakini kina mama wengi wa leo waliolewa zamani, na hawakuulizwa. Tena mwenendo unaohesabiwa huwa wa mke tu. Mke asiyemjua mwanamume mwingine huweza kukipata kirusi kwa mumewe, kisha yeye ndiye anayeulizwa amekitoa wapi.

Kwenye kukaa kwa kirusi, jambo zito kuliko yote ni kinga ya mwili. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hii takriban mara 6 ya asiye navyo. Ugonjwa ambao kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, kwake, asipotumia dawa, unaweza kufika kwa miaka 5 hadi 10. Sigara nayo imo, ingawa si wanawake wengi wa vijijini kwetu wanaovuta. Vidonge vya uzazi wa mpango vikitumika zaidi ya miaka 5 huhusishwa na ongezeko la hatari, nayo hupungua mtu akiacha. Nisingependa mama wa watoto sita avitupe kwa kusoma hapa, kwa sababu kuzaa mara nyingi nako kumo kwenye orodha hiyohiyo.

Sasa vipimo, ambako ndiko ugomvi wa kweli ulipo. Kipimo cha siki ni rahisi: muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Majibu ni papo hapo, na penye vifaa mama hutibiwa siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho la mpimaji, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi sehemu ya kuangaliwa mara nyingi hujificha ndani. Kipimo cha HPV chenyewe ni makini zaidi, na mama anaweza kujichukulia sampuli bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu. Wanaokipinga wanauliza: utamwambia mama ana kirusi ambacho pengine kitaondoka chenyewe, arudi nyumbani na hofu, na majibu mengine yachelewe maabara? Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake kwa jumla waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wenye VVU miaka 25.

Chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na tangu 2024 kwa dozi moja kuanzia miaka 9, itawalinda mabinti. Mama zao imewapita.

Kwa hiyo pesa ikiwa kidogo, mimi ningeanza na kliniki za CTC, yaani za huduma na dawa za VVU, za wilayani. Wanawake wenye VVU wanafika pale kuchukua dawa kwa vyovyote vile, hawahitaji nauli ya pili wala kumweleza mtu wanakokwenda. Kipimo kifanyike siku hiyohiyo, na mashine ya matibabu iwe hapohapo.