Sweta la mtoto mwezi wa pili, Moshi hii hii?

Jamani sisi watu wa Moshi tunaogopa baridi sijui ilitufanya nini. Mwezi wa pili, mji mzima unawaka, panda haisi ya Bomang'ombe saa nane mchana uone watoto walivyobebwa: kofia ya sufu, sweta, soksi, blanketi la manyoya, halafu juu yake kitenge kimefunikwa mpaka usoni, na dirisha limefungwa kwa sababu kuna mama huko nyuma kasema upepo utampa mtoto nimonia. Kitoto nywele zimelowa jasho, kinalia mpaka sauti inakauka, na gari zima linasema kina njaa.

Nimonia inaletwa na vijidudu, dirisha la haisi mnalisingizia tu.

Naelewa ilikotoka lakini. Bibi zetu wamelea huko juu Kibosho na Machame, kwenye migomba na ukungu, na kule Julai ukimvua mtoto sweta una kesi. Ila mjini tuko mita 800 na kitu tu juu ya usawa wa bahari, hata Arusha wametuzidi kwa mbali na mita zao 1,400, na bado tunashuka na nguo zile zile. Mvalishe mwanao fulana na pampasi tu uone, hufiki sokoni Kiboriloni hujasemwa na shangazi usiyemjua. Mi siku hizi naitikia tu "ndiyo mama, asante" naendelea na safari.

Kichanga hajui kujipoza kama sisi wakubwa. Na msimpime kwa vidole, vidole vya mtoto vinaweza kuwa vya baridi huku mwili unaiva, shika shingo kwa nyuma au kifua, pakiwa na jasho punguza nguo.

Halafu maji. Chini ya miezi sita hapewi maji hata jua likipasua mawe, maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji tayari, anayetakiwa kunywa ni wewe mama, na yeye umnyonyeshe mara nyingi zaidi. Ila ukiona pampasi kavu masaa mengi, utosi umedidimia, analia bila machozi au kalegea hataki ziwa, usianze kuuliza jirani, kimbia zahanati.

Na shule nazo! Kuna mahali mtoto anarudishwa getini Februari kwa kukosa sweta, wenzake waliovaa wamepangwa mstarini juani wanasikiliza matangazo na mwalimu mwenyewe kasimama chini ya mwembe. Sweta iwe lazima Juni mpaka Agosti, miezi hii wakague chupa ya maji.