Sitalia tena, nimenyamaza

Jumamosi iliyopita mwanangu alijikojolea ndani ya daladala, na naomba asitokee mtu wa kuniambia watoto ndivyo walivyo.

Tulikuwa tunatoka Segerea kwenda Kariakoo, tumekaa siti ya nyuma ya dereva, yeye dirishani, maana asipokaa dirishani gari zima litajua. Tangu tupande alikuwa ameshauliza mbona konda hana kiti, mbona yule kaka kavaa koti na jua linawaka, mbona miti inarudi nyumbani na sisi ndiyo kwanza tunaenda. Hilo la miti lilimchekesha hata mama wa pembeni yangu, ambaye alikuwa amenuna tangu Tabata. Tulipofika Buguruni Sheli trafiki akatunyooshea mkono, gari likasimama, akaja na nguo zake nyeupe akachungulia mlangoni.

Mzee akapotea. Tunamwita Mzee kwa sababu ana jina la babu yake, ila umri wake ni miaka mitatu na miezi miwili. Sikumwona akishuka kwenye siti. Nilihisi tu kichwa kinapenya chini ya dera langu, mikono miwili imenikaba kifundo cha mguu, na sauti inatoka huko chini: "Sitalia tena! Sitalia tena, nimenyamaza!" Halafu nikahisi uvuguvugu unashuka kwenye ndala.

Gari zima likacheka. Konda alicheka mpaka akaegemea mlango. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kucheka, mpaka nilipomwinua nikaona kidevu kinavyomtetemeka. Ambaye hakucheka ni trafiki. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akasema kama mtu aliyekwishalisema hilo mara nyingi: "Mama, mnatuharibia. Hawa wakipotea sisi ndio wa kuwatafuta, na wakituona wanakimbia." Akapiga bodi viganja viwili, tukaondoka.

Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Jioni nikaanza upelelezi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu mwezi uliopita kutoka Muheza, na ambaye kwake kila kona yenye giza ina mumiani wake, yule mnyonya damu. Nikamuuliza kwa adabu zote anazostahili mama mkwe. Akasema, "Mimi nimemwambia mumiani tu, mwanangu. Polisi simjui." Nikaenda kwa mshukiwa wa pili, dada anayetusaidia kazi, nikamkuta anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Si wewe mwenyewe, dada? Siku ile hataki kuoga. Ulimwambia lile gari la polisi linalolia linatafuta mtoto anayelia lia."

Ni kweli, nilisema. Nilikuwa nimetoka kwenye foleni ya saa mbili, maji ya moto yanapoa kwenye beseni, mtoto amejibana nyuma ya mlango analia kwamba maji yana macho. King'ora kikapita barabarani, mimi nikakitumia. Kilifanya kazi palepale. Alioga kimya, hata povu lilipomwingia machoni hakulia. Nikajiona mama hodari.

Sasa nisikilizeni. Huyu ni mtoto anayeuliza kuhusu kila kitu chini ya jua. Kwa nini kuku hana mikono. Maji ya bombani yanalala wapi usiku. Mwezi unatufuata sisi au unawafuata na kina mama Rehema. Mimi nilipokuwa mtoto, yeye alikuwa wapi. Siku ya pili tu mama mkwe yuko kwetu, ukumbi mzima umekaa mkekani kwa chakula, akamwangalia bibi yake kwa makini akauliza, "Mama, mbona Bibi ana ndevu tatu?" Alikuwa amezihesabu. Mume wangu aliinama kwenye sahani ya wali kama anasoma.

Lakini usiku ule nilipokaa nikawaza, nikagundua kwamba kuhusu polisi hajawahi kuniuliza swali hata moja. Tunapita Buguruni karibu kila wiki. Anauliza kuhusu taa, kuhusu muuza karanga, kuhusu mbwa aliyelala kwenye kivuli cha bajaji. Trafiki amesimama katikati ya barabara, amevaa nyeupe tupu, anapuliza filimbi na malori yanamtii, kitu ambacho mtoto wa miaka mitatu angekiulizia wiki nzima, na wangu anaangalia pembeni. Nilimfungia mlango mmoja kichwani siku ile ya beseni, na sikuwa na habari.

Kuuliza si ujinga. Tunayo mpaka kwenye kanga. Tunaifunga kiunoni halafu tunamwambia mtoto, "Ukiuliza tena namwita polisi."

Tena chukueni habari ya kupotea, kwa sababu hapo ndipo trafiki yule alinichoma. Nendeni Kariakoo siku za kuelekea sikukuu, mtaa wowote wenye nguo za watoto. Unamshika mtoto mkono huu, mkono wa pili unabishana bei, mkokoteni unapita, unaachia mkono sekunde moja kushika pochi. Basi. Mtoto wa kimo cha magoti yako anaona magoti ya watu mia tatu na hakuna la mama yake. Katika watu wote pale, mtu tunayetaka amwendee ni yupi? Ni yule mwenye sare. Ndiye pekee ambaye mtoto asiyejua kusoma, asiyejua namba ya simu, asiyejua jina la mama yake zaidi ya "Mama", anaweza kumtambua kwa nguo. Na ndiye huyohuyo tuliyemwambia anakamata watoto wanaolia. Sasa mtoto aliyepotea atafanya nini kama si kulia? Kwa hiyo atamkimbia mwenye sare, atakwenda kwa nani? Kwa yeyote mwenye pipi. Mimi nilipofika hapo katika kuwaza nilitoka kitandani nikaenda kumwangalia alivyolala.

Nchi imejitahidi, tuseme kweli. Tuna Sheria ya Mtoto tangu 2009. Vituo vya polisi vimewekewa Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna namba 116, ya bure, ya kuita msaada mtoto akiwa hatarini. Na huku chini, nyumbani kwetu, kazi yote hiyo tunaifuta na beseni moja la maji. Yule mtoto anayeumizwa na mtu mzima na kuambiwa "ukisema, polisi watakukamata", mnadhani atashangaa? Ameshasikia maneno hayohayo kwa mama yake, kwa sauti ya upendo, wakati wa kuoga.

Na daktari naye tumemfanya hivyohivyo. Mwezi uliopita kliniki, kwenye benchi, mama mmoja mbele yangu anamtuliza mwanawe: "Nyamaza, yule nesi atakuchoma sindano." Nesi mwenyewe hana hata sindano mkononi. Ana ule mzani wa kuning'inia na kikaptula chake, na kale kadonge kekundu ka vitamini A kanakokatwa ncha kwa mkasi na kukamuliwa mdomoni. Mzee sindano ya mwisho kwenye kadi yake ni ile ya surua na rubela ya miezi 18. Amesahau kabisa. Lakini neno likasafiri kwenye benchi, likamfikia, na zamu yake ilipofika ilibidi watu wazima watatu wamtie kwenye kaptula. Nesi akaandika kilo kwa kukisia, maana mshale ulikuwa unacheza ngoma.

Kuna watakaosema, na nawasikia mpaka hapa, "Sisi tulitishwa na tumekua." Tumekua, ndiyo, hongera zetu. Tumekua watu wazima tunaoibiwa simu na hatuendi kuripoti. Tumekua kina baba wanaomeza dawa za maumivu mwezi mzima kuliko kuingia hospitali kupima, mpaka wabebwe. Mimi sisemi yote yametokana na kutishwa utotoni. Nasema tu kwamba anayedai hakuathirika aniambie mara ya mwisho alikwenda lini kupima presha.

Hofu ikipandwa huwa haikai pale ulipoipanda. Enzi za ukoloni huko Nairobi na Kampala kulikuwa na uvumi kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Wazimamoto! Huku kwetu jina likawa mumiani, na ndiye huyuhuyu aliyepanda basi Muheza pamoja na mama mkwe wangu, akaja kukaa nyuma ya choo chetu. Tena nilipomuuliza mama mkwe kama yeye alimwamini, aliacha kusuka ukili wake akanyamaza kidogo, akasema mpaka leo hapendi kuchukuliwa damu.

Nisieleweke vibaya, zimwi silikatai. Nimekulia kwenye paukwa pakawa, na Mzee naye anadai zimwi lake kila usiku, tena akikuta nimeruka mahali ananirudisha. Lakini zimwi linakaa ndani ya hadithi. Hadithi ikiisha na zimwi limeisha, analala. Polisi haishi. Yuko Buguruni kesho asubuhi.

Na ile miiko ya wazee, usikalie kinu, usipige mluzi usiku, siigusi, nina mama mkwe nyumbani.

Huu uongo mdogo mdogo ndio unaonipa taabu, kwa sababu huo nakiri ninauhitaji. Duka limefungwa. Ukimeza mbegu utaota mchungwa tumboni. Simu imeisha chaji. Nani atabaki na akili zake saa kumi na mbili asubuhi, uji umemwagika, basi la ofisi linapiga honi, na mtu anataka kujua kwa nini leo si jana? Wataalamu wa malezi wa kwenye status, ambao wengi wao watoto wako kwa bibi, watuambie. Sawa, nikubali: kuna siku duka litafungwa saa tano asubuhi, na nitalala usingizi.

Ila hata huo una gharama. Jumatatu nilimwambia aniletee rimoti. Ameikalia, naiona ncha yake. Akanitazama usoni bila kupepesa akasema, "Imeisha chaji, Mama." Nikamfokea kwamba uongo ni dhambi. Mume wangu akacheka peke yake huko jikoni, akakataa kusema anacheka nini.

Kwa hiyo tangu Jumamosi nyumbani kwetu polisi, nesi na kichaa wa sokoni wamestaafu kazi ya kulea. Mtoto akigoma kuoga, anagoma, tunavutana, tunachelewa, na juzi alilala na vumbi la miguuni na dunia haikuisha. Akiniuliza sindano inauma, namwambia inauma kidogo. Nisilolijua namwambia silijui, jambo ambalo mwanzoni lilimshangaza sana, akaenda kumwambia bibi yake kwamba Mama hajui mwezi. Mama mkwe anaona nimeharibikiwa. Jana nimemsikia chumbani akimnong'oneza, "Mumiani yupo, ila usimwambie mama yako." Nitashughulika naye taratibu, mkwe haendewi kwa pupa.

Juzi nikampeleka Buguruni kwa makusudi, kwa miguu. Sijui kama alikuwa trafiki yuleyule, wakivaa ile nyeupe wote kwangu wanafanana. Nilimwambia Mzee, "Huyu ndiye unamfuata ukinipotea. Unamwambia nimempoteza Mama." Nikamsalimia trafiki, akaitikia, akamnyooshea mtoto mkono. Mzee alikuwa ameshaingia nyuma ya dera, ameshika nguo kwa ngumi mbili. Hakutoka. Hakusalimia. Hakulia pia. Trafiki akapuliza filimbi, akatusimamishia magari, tukaanza kuvuka.

Katikati ya barabara nikavutwa dera.

"Mama."

"Naam, baba."

"Mbona kavaa nyeupe na pale kuna vumbi?"

Nilisimama, honi zikaanza. "Sijui, baba. Turudi tukamuulize?"

Alifikiri mpaka tukamaliza kuvuka, tukapanda kwenye kingo, akageuka kumwangalia yule mtu kule tulikotoka.

"Uliza wewe," akasema.

Tukarudi.